Barua ya wazi kwa Serikali na Bunge: pointi za leseni zisiishie kwa dereva peke yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, na Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa abiria na mlipa kodi, kuhusu jambo ambalo limekuwa likitajwa na kuahirishwa kwa miaka mingi: kuweka mfumo wa pointi za adhabu kwenye leseni za udereva, ili dereva anayerudia makosa ya hatari afike mahali ambapo fedha haimwokoi tena na leseni yake inasimamishwa. Ninauunga mkono mfumo huo na ningependa kuuona ndani ya sheria mapema iwezekanavyo. Lakini nina sharti moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: pointi zisiandikwe kwa dereva peke yake, wakati mwendo wa gari la biashara hupangwa pia na watu ambao majina yao hayamo kwenye leseni ile.

Katika salamu zake za mwaka mpya za tarehe 31 Desemba 2024, Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alilieleza Taifa kwamba mwaka huo zilitokea ajali 1,735 na watu 1,715 walipoteza maisha, na kwamba zaidi ya asilimia 70 ya ajali hizo zilitokana na makosa ya kibinadamu. Naomba tuzisome takwimu hizo kwa utulivu. Karibu kila ajali iliyohesabiwa inalingana na mtu mmoja aliyezikwa. Hakuna nchi duniani ambayo kila gari likigongana na jingine mtu hufa, kwa hiyo kinachoonekana hapa ni kwamba hesabu zetu zinawakuta zaidi wale ambao wameshaua au wameshauawa, huku magari yaliyokoswakoswa, yaliyoparuzana na yaliyoponea chupuchupu yakiendelea na safari bila kuacha kumbukumbu yoyote. Thamani ya pointi iko hapo hasa, kwa sababu zinaanza kumhesabia mtu makosa yake kabla hajaua. Na hilo kosa la kibinadamu linalotajwa kila mwaka lina binadamu wengi nyuma yake kuliko yule mmoja aliyeshika usukani.

Sheria ya Usalama Barabarani tunayoitumia Tanzania Bara ilitungwa mwaka 1973. Kwa utaratibu tuliouzoea barabarani, dereva aliyekamatwa na kosa huandikiwa faini ya shilingi 30,000 na kuendelea na safari yake. Kiasi ni kilekile kwa aliyeendesha kilomita 58 kwa saa penye kibao cha 50, na kwa aliyelipita lori kwenye kona za Kitonga bila kuona kinachopanda upande wa pili. Tena faini hiyo kwa kawaida hulifuata gari: anayetaka kujua kama anadaiwa huingiza namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi, deni likaonekana, likalipwa, mambo yakaisha. Dereva akihamia kampuni nyingine hana anachohama nacho, na tajiri mpya, yaani mwenye gari anayempokea, hana mahali pepesi pa kusoma kwamba mtu huyu aliandikiwa kosa lilelile mara ngapi mwaka uliopita.

Nieleze nilichokiona nikiwa nimekaa siti ya mbele katika basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Tulipoipita Makambako, lori lililokuwa likija mbele yetu liliwasha taa mara mbili. Dereva wetu akainua mkono kushukuru, mshale wa spidi ukashuka mpaka 50, tukapita kwa adabu mbele ya askari mwenye tochi ya kupima mwendo aliyesimama chini ya mti, na kibao cha kumaliza hamsini kilikuwa bado hakijatufikia basi lilipoanza kunguruma upya. Askari wa pili, kilomita kadhaa mbele, hakuwa ametangazwa na mtu, na tukapigwa tochi. Dereva alishuka, akaandikiwa, akarudi kwenye usukani bila hasira wala hofu. Konda akafungua daftari la matumizi ya safari, akaandika 30,000 chini ya mstari wa dizeli, akalifunga. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Basi lilirudi kwenye mwendo uleule, kwa kuwa lilikuwa nyuma ya ratiba na ofisi ilikuwa inapiga simu kuuliza limefika wapi.

Waheshimiwa, faini iliyoingia kwenye daftari lile si adhabu tena. Ni gharama ya kuendesha basi, kama dizeli na ushuru wa stendi, na anayeilipa ameshaipigia hesabu asubuhi. Kuipandisha hadi 50,000 au 100,000 kutaongeza tarakimu katika mstari uleule, na pengine kutapandisha pia kiasi kinachonong'onwa pembeni ya barabara. Pointi haziandikiki katika daftari hilo, haziwezi kulipwa na kampuni, wala haziishi kwa kulipwa. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo maana nchi nyingi zimezikimbilia.

Uingereza humwekea dereva pointi kila anapokosea, na anayefikisha 12 ndani ya miaka mitatu kwa kawaida hufungiwa kuendesha, ilhali dereva mpya akifikisha 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo leseni yake hufutwa na huanza upya. Ufaransa, kuanzia Julai 1992, na Italia, kuanzia Julai 2003, zilichagua njia ya kinyume: dereva hupewa pointi mkononi, 12 Ufaransa na 20 Italia, kisha hukatwa kadiri anavyokosea. Kwangu mimi tofauti hiyo si kubwa. Kubwa ni yale yaliyofuata. Watafiti wa Hispania waliokusanya na kulinganisha tafiti za nchi mbalimbali, na kuchapisha uchambuzi wao mwaka 2012, waligundua kwamba mfumo wa pointi hupunguza ajali, vifo na majeruhi kwa kati ya asilimia 15 na 20 unapoanza, lakini nafuu hiyo huyeyuka katika muda usiozidi miezi 18 pasipo usimamizi wa kuushikilia. Watu huogopa mwanzoni, kisha hugundua kwamba uwezekano wa kukamatwa ni uleule wa zamani, na hofu inakwisha. Basi mkiutungia sheria mfumo huu na kuuacha utegemee operesheni za wiki moja baada ya kila msiba, tutapata mwaka mmoja wa matumaini na kurejea tulipokuwa.

Ufaransa ina somo la pili. Mfumo ulipoanza tu, madereva wa malori walifunga barabara kuu kwa siku nyingi, nchi ikakwama katikati ya msimu wa likizo. Hawakuwa wakitetea mwendo wa kasi. Walikuwa wakisema kwamba kwa mwenye gari binafsi leseni ni urahisi wa maisha, na kwa dereva wa lori leseni ndiyo ajira yenyewe, kwa hiyo pointi ileile inawaumiza watu wawili kwa viwango viwili tofauti.

Sisi hatuna haja ya kwenda Ufaransa kulijua hilo. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi na daladala waligoma nchi nzima. Pale Ubungo abiria walikaa juu ya mizigo yao, polisi walipiga mabomu ya machozi, na shughuli za siku nzima zikasimama. Mwezi uliofuata wakagoma tena. Kilichowasha moto kilikuwa sharti la kurudi darasani kila leseni inapohuishwa, tena kwa gharama ya dereva mwenyewe. Lakini waliposikilizwa, dai walilolirudia kuliko yote lilikuwa mikataba ya ajira. Walisema wazi kwamba hawana mikataba, kwamba hulipwa kwa safari au kwa kilichobaki baada ya hesabu ya tajiri, na kwamba serikali inawabana wao tu kwa sababu ndio wanaoonekana barabarani. Zaidi ya miaka kumi imepita. Kama muswada wa pointi utaingia bungeni bila kuligusa dai hilo, mtakuwa mmeuanzisha upya mgogoro wa 2015 kwa jina jipya, na safari hii madereva watakuwa na hoja nzito zaidi.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu naona ndipo mjadala wetu wa kisiasa unapokosea njia. Daladala ya Dar es Salaam ina hesabu ya siku. Tajiri anataka kiasi chake jioni, iwe jua iwe mvua, foleni iwe imekaa Mwenge au Tabata, na kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho mshahara wa dereva na konda. Kwa mpango huo, kila dakika ya kusubiri abiria avuke barabara inatoka mfukoni mwa dereva, na kila kituo alichokiruka kimeingiza kitu. Dereva akichoka, au akiwa na udhuru, gari halilali: anapanda deiwaka, mtu asiye na mkataba na yeyote, aliyepewa gari saa nane mchana na kuambiwa hesabu ni ileile. Sasa fikirini pointi zimefika. Dereva wa kwanza anajaza kiwango chake na kufungiwa miezi sita. Jioni ileile usukani una mtu mwingine. Hesabu haijashuka hata shilingi mia, ratiba haijaongezwa hata dakika tano, na gari linaendeshwa vilevile na mtu ambaye pointi zake bado ni sifuri. Kwa mwenye gari hakuna kilichotokea. Tutakuwa tumetengeneza mtambo wa kubadilisha madereva, na abiria waliomo ndani hawatakuwa salama zaidi ya jana.

Ndiyo maana ninaomba sheria iseme hivi: kila pointi inayoandikwa kwa dereva wa gari la biashara kwa kosa la mwendo, kujaza abiria kupita kiasi, kuendesha saa nyingi bila kupumzika au kulipita gari jingine mahali pa hatari, iandikwe pia katika kumbukumbu ya mwenye leseni ya usafirishaji iliyotolewa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Kampuni ambayo pointi za madereva wake zimevuka kiwango kilichowekwa kulingana na idadi ya magari yake, ipunguziwe ratiba, kisha isimamishiwe njia, na mwisho inyang'anywe leseni. Dereva akiondoka, pointi za kampuni zibaki pale pale. Hapo ndipo tajiri ataanza kuuliza maswali ambayo leo haulizi: huyu ninayempa basi usiku huu ana pointi ngapi, amelala wapi, na ratiba niliyompa inatimizika kwa kilomita 80 kwa saa au haitimiziki?

Wapo watakaosema kwamba sheria tayari inamfikia mmiliki. Ni kweli, ila inamfikia kwa kuchelewa. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Mashtaka kuhusu namna gari lile lilivyokuwa likitumika yalimfikia mmiliki baada ya mazishi. Utaratibu ninaouomba ungemfikia mmiliki wa aina hiyo tangu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, wakati makosa bado ni makosa tu na watoto wote wamefika nyumbani.

Wala isisemwe kwamba hatuna vyombo. LATRA inafuatilia mabasi kwa mfumo wa VTS, unaoonyesha gari liko wapi na linakwenda kwa kasi gani, na imeanzisha kitufe cha utambuzi, ambacho dereva aliyethibitishwa hukitumia kabla ya kuondoka ili mfumo umtambue. Mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku tena kuanzia Oktoba 2023, baada ya marufuku iliyodumu karibu miaka 30, mfumo huo ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyotupa imani. Kwa hiyo kasi ya basi inajulikana, dereva anajulikana, na mmiliki mwenyewe anaweza kuyaona hayo ofisini kwake. Kilichokosekana ni uzi wa kuviunganisha. Leseni ya udereva inatolewa kupitia Mamlaka ya Mapato (TRA), kosa linaandikwa kwenye mfumo wa Polisi, na mwendo wa basi uko LATRA. Wizara tatu, kumbukumbu tatu, na mtu mmoja anayeendesha gari moja. Pointi hazitafanya kazi mpaka kumbukumbu hizo zisomane, na kazi hiyo inapaswa kukamilika kabla ya siku ya kwanza ya mfumo, isianze baada yake.

Kuhusu makosa yatakayobeba pointi, naomba orodha iwe fupi. Dereva hapaswi kupoteza leseni kwa sababu ya taa ya namba iliyokufa, kizimamoto kilichopitwa na tarehe au pembetatu iliyokosekana. Hayo yabaki kuwa ya faini. Pointi zihifadhiwe kwa yale yanayoua: mwendo, pombe, simu mkononi, kulipita gari penye mistari isiyoruhusu, kutosimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Na kosa la ubovu wa gari liende moja kwa moja kwa mwenye gari. Dereva anayekabidhiwa basi lenye tairi kipara saa kumi alfajiri hana uwezo wa kulinunulia tairi, na akikataa kuondoka nalo anajua kuna mwingine nyuma yake anayesubiri nafasi. Sheria imlinde dereva wa namna hiyo waziwazi: akiripoti ubovu na kukataa kuendesha, asifukuzwe kazi.

Sasa nizungumzie jambo ambalo wengi tunalijua na wachache tunaliandika. Kila adhabu inayotolewa na mtu mmoja akiwa amesimama na mtu mwingine kando ya barabara, pasipo shahidi, ina bei yake. Pointi ni adhabu nzito kuliko shilingi 30,000, kwa hiyo bei yake itakuwa kubwa zaidi. Dereva ambaye amebakiza pointi moja kufungiwa atatoa chochote alicho nacho, na askari anayejua hivyo yuko katika majaribu ambayo si haki kumweka binadamu yeyote. Siwatuhumu askari wote. Wapo wanaosimama juani kutwa nzima kwa uadilifu, na abiria tunawaona. Ninachosema ni kwamba pointi isikubalike bila ushahidi unaoweza kuonwa na mtu wa tatu: picha au video yenye tarehe, saa, mahali na kasi iliyosomwa. Dereva apate ujumbe kwenye simu yake siku hiyohiyo, ukieleza kosa na pointi zilizobaki. Apewe muda wa kupinga, na anayesikiliza pingamizi asiwe mkuu wa askari aliyemwandikia. Bila hayo, mfumo huu utawakuta wanyonge na kuwaruka wenye fedha, kisha wananchi watauchukia mfumo mzima pamoja na uzuri wake.

Afrika Kusini inatuonyesha kinachotokea misingi hii isipotengenezwa mapema. Sheria yao yenye mfumo wa pointi ilitungwa mwaka 1998. Miaka zaidi ya ishirini baadaye bado walikuwa wakibishana. Mahakama Kuu ya Pretoria iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2022, na Mahakama ya Katiba ikaiokoa Julai 2023. Muda wote huo wananchi walikuwa wakifa barabarani na watu walikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba pointi ni mbinu nyingine ya kukusanya mapato. Hata Uingereza, yenye uzoefu mrefu, mwaka 2013 ilishuhudia aliyekuwa waziri wa nishati, Chris Huhne, akihukumiwa kifungo cha miezi minane kwa kumbebesha aliyekuwa mke wake pointi za mwendo kasi alizostahili yeye. Mwanasiasa aliyesoma, mwenye mawakili, alijaribu hilo. Kwetu, tajiri mwenye magari kumi hatakosa deiwaka wa kumwambia aende kituoni akakiri kwamba ndiye aliyekuwa akiendesha. Kubebeshana pointi kuwe kosa la jinai tangu mwanzo, na aliyeshawishi apewe adhabu kubwa kuliko aliyeshawishiwa.

Waheshimiwa, linalofuata ninalisema kwa heshima zote, na ninalisema kwenu moja kwa moja. Magari ya umma yenye namba zinazoanza na STK, SU au DFP yanatupita barabarani kila siku kwa mwendo ambao basi likiutumia hufungiwa. Sizungumzii misafara rasmi yenye ving'ora na ulinzi. Nazungumzia gari moja la ofisi linalowahi kikao Dodoma, likiwa limewasha taa kamili mchana kweupe, linalopita kwenye vivuko vya Gairo na Kibaigwa huku watoto wa shule wakirudi nyuma kulikwepa. Dereva wa gari lile ni mtumishi. Kiti cha nyuma kuna mkubwa wake anayetazama saa. Je, mkubwa akisema ongeza mwendo, dereva atamjibu nini? Kanuni ninayoiomba kwa tajiri wa mabasi ndiyo hiyohiyo ninayoiomba kwa Serikali: pointi za dereva wa umma ziandikwe pia kwa taasisi yake, zitolewe taarifa kila mwaka pamoja na hesabu nyingine za taasisi, na Kamati za Bunge ziziulize. Ikiwa mfumo utamgusa dereva wa Coaster la Mbagala na kumwacha dereva wa V8 la wizara, hakuna mtu atakayeamini kwamba lengo lilikuwa kuokoa maisha, nami sitakuwa na neno la kuutetea.

Bodaboda nao wamo katika hoja hii, ingawa kwa njia nyingine. Pointi humpata mwenye leseni, na vijana wengi wanaobeba abiria kwa pikipiki hawana leseni kabisa, kwa hiyo kwao mfumo utakuwa hauna pa kushika. Mara kadhaa tumewasikia wanasiasa majukwaani wakiagiza bodaboda wasisumbuliwe, na uchaguzi ukipita vijana walewale wanajazwa wodi za mifupa. Msaada wa kweli kwao ni mafunzo na leseni zinazopatikana karibu na vijiwe vyao kwa gharama wanayoimudu, kisha sheria iwashike kama inavyowashika wengine.

Nchi nyingi humruhusu dereva kupunguza pointi zake kwa kuhudhuria mafunzo, nami naona ni busara, maana lengo si kumfuta mtu kazini bali kumrudisha akiwa dereva bora. Tunavyo vyuo vya kutosha kuanzia, kikiwemo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na vyuo vya VETA mikoani. Swali ni lilelile la 2015: nani alipe? Napendekeza kwamba mwenye kampuni amlipie dereva wake mafunzo ya kwanza, na sehemu ya faini zinazokusanywa barabarani irudi kugharamia mafunzo ya madereva wasio na mwajiri, badala ya yote kuingia katika mfuko mkuu. Mwananchi akiona faini imekuwa darasa la udereva, manung'uniko kwamba trafiki wamegeuzwa wakusanya mapato, ambayo hata bungeni yamesikika, yatapungua yenyewe. Na mkataba wa ajira uwe sharti la kupata leseni ya usafirishaji, ukaguliwe kwa macho, nakala iwekwe LATRA. Dereva mwenye mkataba anaweza kukataa ratiba isiyowezekana, na asiye nao hana ujasiri huo.

Najua wamiliki wa mabasi watakuja Dodoma na hoja zao, na wana haki ya kusikilizwa. Watasema kampuni haiwezi kuwa kwenye usukani wa kila basi, na kwamba kusimamisha njia kutawatesa abiria. Kwa hoja ya kwanza jibu ni VTS, kwa kuwa kampuni imewekewa macho ndani ya kila basi, na ikichagua kuyafumba imechagua. Kwa hoja ya pili, nikiwa abiria, niko tayari kusubiri basi la kampuni nyingine, au kuondoka kesho, kuliko kupanda la leo linaloendeshwa na mtu ambaye hajalala.

Ombi langu la mwisho ni la utaratibu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, kwa hiyo rasimu ya muswada wa pointi, pamoja na jedwali lake la makosa na viwango, itolewe kwa Kiswahili na ibandikwe mahali ambapo madereva wenyewe wataisoma kabla haijafika kwenye Kamati. Maoni yasikusanywe katika kumbi za Dodoma tu. Wajumbe wa Kamati waende Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi, waende Msamvu, Nyegezi na Nane Nane Mbeya, saa kumi alfajiri mabasi yanapopangwa na saa nne usiku yanapoingia, wawaulize madereva wanalipwaje, na wawaombe makonda wawafungulie daftari za matumizi ya safari.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Abiria wa mabasi ya mikoani,
Morogoro